Uji Ndani ya Rejeta

Makambako

Kaka Mhina,

Shikamoo. Natumaini ile homa imekuacha. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauko sawa tangu mama atutoke.

Huku baridi ni kali. Bado nauza vipuri dukani, na kila mteja akiomba kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini, nakukumbuka. Wanachagua rangi kama wanachagua khanga. Nikiwauliza gari lina ipi ndani, wananiona msumbufu. Kumbe zipo zisizopatana: ukizichanganya bila kusafisha rejeta, zinaganda na kuziba njia.

Ndicho kilichotokea. Nilipofika Kwamsisi kwenye matanga nilifungua rejeta ya gari la baba, nikakuta kitu kizito kama uji. Ya zamani ilikuwa ya kijani, wewe ukaongeza nyekundu. Mwingine angetia maji ya kisima chetu, na chumvi yake ile inayokula chuma. Wewe ulikwenda mpaka Handeni mjini kununua kulanti, kwa kulitunza gari. Kisha mama akapatwa na kiharusi, na injini ikachemka mkiwa njiani kwenda hospitali ya Korogwe. Mkakaa naye barabarani mpaka mkapata gari jingine.

Sitakudanganya, kaka, kwamba kuchelewa kule hakukuwa kitu. Sijui. Daktari alimwambia baba kwamba hata yeye hawezi kujua. Nalia nikiandika haya.

Najua pia kilichokukimbiza. Yule mtani wetu Mnyamwezi alijifunga kitenge cha mama, akakoroga uji kwenye ndoo na kuigiza sauti yake: "Mhina mwanangu, njoo utie na huu kwenye rejeta, mimi sina haraka." Watu wakacheka huku wanalia, wewe ukaondoka bila kuaga. Lakini hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Mama mwenyewe kwenye misiba ya watani hakuwa na huruma, na angenuna kama wake ungepita kimya. Mtani hakukuhukumu. Alitaka ulie mbele ya watu, usilie peke yako.

Msalimie sana mama mdogo anayekuhifadhi hapo Mnyuzi, na mumewe. Waambie nawashukuru, ila wakuruhusu urudi nyumbani kabla ya arobaini.

Baba nampigia kila jioni. Gari liko uani, wala hajaniuliza litatengenezwa lini. Anachouliza ni kama Mhina amekula.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanahamisi