Sola Yangu Inawaka Adhuhuri Tu

Bi Apolonia, shikamoo. Nakuomba unisaidie kama unavyowasaidia wengine wanaokuandikia, na ukishanisaidia unigombeze, maana najua nimestahili, ila usianze na kugombeza.

Mie ni fundi vitanda, karakana yangu iko Buguruni na nyumbani ni Pugu, huku nyuma kabisa, tulikohamia na mke wangu Hamisa mwaka 1986 pori likiwa bado pori. Mwaka uliofuata walipita watu na kamba ndefu wakipima na kupigilia vijiti vyekundu kandokando ya njia, tukaambiwa hapo ndipo zitakaposimama nguzo za umeme, nami kwa furaha sikungoja, nilimwita fundi akapitisha waya nyumba nzima, ukumbini, vyumbani, barazani, mpaka chooni nikaweka swichi, jumla swichi saba, nyeupe, za kubonyeza, na balbu zake zikining'inia darini. Sasa tuko mwaka tisini na tatu, vijiti vimebaki viwili na kimoja kuku wa jirani analala juu yake. Lakini mie, Bi Apolonia, kila nikiingia ukumbini jioni mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye swichi, unabonyeza, ndipo nawasha kiberiti. Hamisa zamani alikuwaga anacheka. "Haya, bwana umeme kaingia," anasema. Nami nilikuwa napenda anavyocheka.

Tuna binti mmoja, Najat, ana miaka sita, na kifua chake si kizuri. Tena anaogopa giza, hawezi kulala bila kuona mwanga, na chemli yetu chimni ilipasuka, basi koroboi inakaa kwenye kigoda karibu na kitanda chake mpaka alfajiri. Asubuhi Hamisa anachukua pindo la kanga, analilowesha, anamfuta mtoto puani, na pindo linatoka jeusi. Kila asubuhi. Mie naliona nikiwa mlangoni nafunga viatu.

Ndipo jirani yetu mwalimu Revelian, mtu wa Bukoba, akafunga umeme wa jua, kipande kidogo cha sola juu ya bati na taa mbili tu, na mkewe Auleria akamwita Hamisa akaone. Hamisa aliporudi hakusema mengi, alisema, "Mume wangu, mle ndani hamna harufu." Nami kwa kiburi changu nikamjibu, "Mwalimu mzima taa mbili! Hiyo nyumba au kibanda cha chipsi?" Basi nilipomaliza kazi ya vitanda vya nyumba ya wageni ya Temeke tukakubaliana, pesa yote iende kwenye sola, ndogo kama ya mwalimu, na mwalimu mwenyewe akaniambia, "Mzee Mbwana, chukua iliyokamilika kwenye boksi, sola yake, betri yake, taa zake, usichague kwa macho."

Nikachagua kwa macho. Dukani Kariakoo kijana aliniwekea lile boksi juu ya meza, akanifungulia, kweli kila kitu kimo, lakini nyuma yake ukutani ilikuwa imeegemezwa sola kubwa, ya buluu iliyokolea, na kioo chake kimeshika mlango wa duka na mawingu yote ya nje, na mie nimo humo katikati ya mawingu na kofia yangu, sijawahi kujiona vizuri namna ile. Nikauliza, na hii? Kijana akasema, "Hii mzee inaendesha nyumba nzima." Sijui aliendelea kusema nini. Naamini alinieleza kuhusu betri, naamini alisema bila betri haifai kitu, lakini masikio yangu yalibaki kwenye yale maneno nyumba nzima, nilikuwa nahesabu swichi, ukumbini moja, barazani mbili. Pesa ilitosha sola peke yake. Nikaibeba.

Nilipofika nyumbani hapakuwa na mtu, na ile furaha ikaniishia mlangoni, ndipo nilipokumbuka kwamba sina betri. Nikaifunga kwenye gunia, nikaificha chumba cha wageni nyuma ya mbao zangu. Hamisa aliporudi nikamwambia mzigo bado, eti meli imechelewa. Maneno yalitoka yenyewe, si unajua siku hizi kila kitu kinatoka nje kwa meli. Hiyo ni miezi mitatu iliyopita. Mwanzoni alikuwa anauliza, "Meli vipi?" Baadaye akawa anasema, "Hiyo meli yenu inatokea nchi gani jamani, peponi?" Sasa haulizi. Anayeuliza ni Najat, na huyo nimemdanganya vizuri zaidi, nimemwambia meli ya taa ni kubwa kuliko shule yake, imejaa taa kila dirisha, na samaki wanaifuata wakidhani kumekucha, naye ameichora ukutani kwa mkaa, na madirisha yake yote.

Sasa nikuungamie lililo baya zaidi. Ijumaa nikitoka msikitini sirudi karakana. Hamisa na mtoto wanakuwa shuleni kwa mwalimu, wanauza maandazi, nyumba ni yangu. Naitoa sola, nailaza uani juani, napitisha waya dirishani, nafunga madirisha, natundika blanketi mlangoni mpaka chumba kiwe giza totoro, kisha naunga kibalbu cha taa ya nyuma ya gari. Kinawaka! Wallahi kinawaka, Bi Apolonia, saa nane mchana, na mie nakaa kwenye kigoda nakitazama. Jasho linanitoka lakini sijali. Naiona nyumba yangu yote inawaka, maulidi yanasomwa barazani kwangu, watu wamejaa, viatu vyao nje vinaonekana pea kwa pea, Hamisa anashona bila kukunja uso, na Najat amelala kinywa wazi, hakohoi. Wingu likipita taa inafifia, nami nangoja, inarudi polepole kama mtu anayeamka. Nasikia adhana ya alasiri ndipo nafungua madirisha, na jua lote la nje linaingia, taa yangu haionekani tena.

Jambo moja limenishangaza. Ijumaa iliyopita nimeikuta sola imefutwa vumbi, gunia limekung'utwa, na chini yake imetandikwa kanga kuukuu, imekunjwa vizuri, ili kioo kisiguse sakafu. Nikasema labda ni mie mwenyewe nimefanya nikasahau, maana siku hizi nasahau.

Na wiki hii Najat alibanwa na kifua mpaka midomo ikabadilika rangi, tukampeleka zahanati kwa baiskeli ya mwalimu, mie naikokota mbio, Hamisa amemshikilia. Nesi akamnusa nguo, akauliza, "Mnawasha nini chumbani?" Akasema hiyo koroboi itoke, na tusipoitoa tusimlaumu Mungu. Tumeitoa. Sasa mtoto analia gizani mpaka anachoka, na akilia sana kifua kinabana tena, Hamisa anairudisha.

Naomba unipe neno. Nina randa zangu mbili, msumeno na jiliwa, nimepata mtu wa kuvinunua vyote, nikiviuza napata betri kubwa, na siku moja nambonyezea Hamisa swichi na nyumba nzima inawaka, siri inaishia kwenye furaha, hata kama kazi nitaanza upya. Au nirudishe sola kubwa nichukue lile boksi, niwe mtu wa taa mbili mwenye swichi saba, na majirani wote wajue? Niamue vipi, maana nikifumba macho naiona ile ya kwanza tu.

Mie Mbwana, fundi vitanda, Pugu.

*

Mbwana, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka. Ya pili nilifika kwenye midomo ya Najat, nikaiweka chini.

Umesema nisianze na kugombeza, basi nianze na langu. Mimi niliwahi kukaa miaka minne na friji kijijini kusiko na umeme, nikihifadhia vitenge, na kila mgeni akija nalifungua na kulifunga ili aone mlango wake unavyojifunga taratibu. Kwa hiyo ndugu yangu usidhani nakuona kichaa kwa hicho kigoda chako na blanketi lako. Nakijua hicho chumba. Mtu aliyengoja kitu kwa miaka sita, akakipata hata kwa saa moja adhuhuri, ana haki ya kukitazama.

Ila friji langu halikumbana mtu kifua. Hapo ndipo wewe na mimi tunaachana.

Sasa sikia. Wewe mwanamume mzima una jua ndani ya gunia, chumba cha pili mtoto analala na moshi, halafu unamsimulia habari za samaki wanaoifuata meli! Hivi huoni haya? Mwalimu Revelian alikwambia usichague kwa macho, mkeo alikwambia mle ndani hamna harufu, kijana wa duka alikueleza habari za betri. Watu watatu, Mbwana. Wote walisema Kiswahili.

Randa usiuze. Nasema usiuze! Fundi anayeuza randa ili ang'arishe nyumba, mwezi ujao atakula hiyo taa? Tena hata ukiipata betri kubwa, swichi zako saba na balbu zako ziliwekwa kwa umeme wa nguzo, si kwa umeme wa betri. Ungebonyeza mbele ya Hamisa na ukumbi ungebaki giza vilevile, na safari hii huna hata msumeno. Kamuulize mwalimu kama naongopa.

Jumatatu karakana ifungwe. Ibebe hiyo sola mpaka Kariakoo, mwambie kijana ukweli kwamba ulikosea kuchagua, aichukue akupe boksi kamili. Kioo kizima, hakina mkwaruzo, na kwa nini hakina mkwaruzo nitakwambia. Akikataa, usigombane naye, waulize vinyozi na wenye kuchaji betri za watu huko Buguruni, wanaitafuta sola kubwa kama hiyo na betri wanazo, kisha uende na pesa hiyo ukachukue boksi. Sola ndogo iwekwe juu ya bati mahali ambapo kivuli cha mti hakifiki, na uifute kwa kitambaa chenye maji. Betri isikae chumbani kwa mtoto, ina tindikali, iweke ukumbini juu ya kigoda kile kile cha koroboi. Iache ishibe jua siku nzima kabla hujawasha chochote, usiwe na papara. Taa ya kwanza kwa Najat. Ya pili mpe Hamisa achague pa kuiweka, na akichagua jikoni usimwambie habari za baraza wala maulidi. Swichi zako ziache ukutani, hazili kitu. Siku nguzo zikifika, utabonyeza mpaka kidole kiote sugu.

Majirani watasema? Waache waseme. Wewe ulimsema mwalimu, na juzi umekokota mwanao kwenye baiskeli yake. Nenda kamshukuru, na hilo neno la kibanda cha chipsi lifie hapo hapo kinywani mwako.

Sasa nije kwenye ile kanga.

Umeandika kwamba umeikuta sola imefutwa vumbi, imetandikiwa, na ukajisemea labda ni wewe umesahau. Mbwana, wewe hujakunja kanga hata siku moja maishani mwako. Hamisa anajua. Sijui tangu lini, lakini naona aliacha kuuliza habari za meli muda mrefu, na mwanamke hanyamazi hivihivi. Aliikuta, akaelewa yote, angeweza kuivunja, angeweza kuiburuta mpaka uani akuite mwongo mbele ya Auleria na mtaa mzima. Alitafuta kanga yake kuukuu akaitandikia kioo chako kisipasuke. Tangu hapo anakungoja useme mwenyewe, na kila asubuhi anamfuta mtoto pua mbele yako wakati unafunga viatu. Ulifikiri kwa nini anafanyia hapo hapo mlangoni?

Kwa hiyo hukumu ya sola nimeshakupa, ni rahisi, hata mtoto angeitoa. Lakini usiende Kariakoo kabla hujasema na mkeo. Leo, jua halijatua. Usimwite kwenye chumba cha giza umwonyeshe kibalbu. Usianze na duka wala mawingu wala swichi. Itoe hiyo kanga chini ya sola, mpelekee mkononi, umwambie, "Hamisa, nimeiona." Mengine yatafuata yenyewe, na akikugombeza nyamaza, maana hiyo ni zamu yake na ameingoja kwa adabu.

Najat naye mwambie meli imefika. Ilikuwa ndogo, mwambie, ilibeba taa mbili tu.

Na siku ya kwanza ikiwaka, Mbwana, nakufahamu sasa, utataka kukaa uitazame taa. Usiitazame. Mtazame aliyelala chini yake mpaka usikie anavyohema. Asubuhi viatu vyako viache kwanza, lowesha hilo pindo la kanga kwa mkono wako, umfute mwanao pua, kisha umwonyeshe Hamisa jinsi lilivyotoka jeupe.

Bi Apolonia.