Mahali Kijito Kilipopita Kabla ya Maporomoko

Mpendwa Mama Kerubo,

Huu ni mwaka wa nne tangu tukuzike, na sijawahi kukuandikia. Leo nina jambo ambalo siwezi kumweleza mtu mwingine.

Ulipoolewa huku Nyamira, ukitoka Suneka kwenye mashamba ya tambarare, uliniambia juma la kwanza, "Mwalimu, huku kwenu hata sufuria haikai sawa." Wakati huo kijito kilipita nyuma ya boma letu, juu ya migomba. Ng'ambo yake ilikuwa Kata Ndogo ya Juu. Sisi tulikuwa wa Kata Ndogo ya Chini. Ulifua nguo pale kwa miaka mingi, ukitania kwamba mguu wako mmoja uko kwa naibu wa chifu huyu na mwingine uko kwa yule.

Kisha ikaja mvua ile iliyoushusha mlima. Tulikuwa tukichuma majani chai, mimi na wewe, tukauona mteremko mzima ukisogea na miti yake ikiwa imesimama. Kijito kilizibwa, kikajitafutia njia mpya chini ya boma letu. Kwa kuwa kukivuka kulikuwa taabu, tukaanza kuhudhuria mabaraza ya Juu. Hakuna aliyetuuliza. Binti yetu Kerubo alikua akijua kwamba sisi ni watu wa Juu.

Mwezi uliopita nafasi ya naibu wa chifu wa Juu ilitangazwa. Mwombaji sharti awe mkazi wa kata ndogo hiyo. Kerubo, aliyeacha kazi yake Kisii mjini ili akuuguze na hakurudi tena, aliomba. Hata wazee waliozoea kusema kwamba mwanamke hawezi kuitisha baraza walimkubali.

Juma lililopita afisa alikuja kuchora upya mpaka wa kata ndogo hizi mbili, unaofuata kijito. Alisimama kando ya maji, akatuuliza sisi wazee, "Kijito kimepita hapa siku zote?"

Wote walinitazama. Jirani yetu Ombati alikohoa, akasema, "Afisa, maji ni maji. Andika, twende tukanywe chai." Wakacheka. Kerubo alikuwa amesimama nyuma yao.

Nilisema, "Hapana. Kilipita juu ya migomba ile."

Nilimpeleka afisa nikamwonyesha mawe yako ya kufulia, ambayo bado ni laini, naye akaandika kwamba mpaka unapita hapo. Nimewafundisha watoto wa mlima huu kusoma ramani maisha yangu yote. Singeweza kusimama juu ya mawe yale na kusema kwamba hayakuwahi kuona maji.

Tulipokuwa tukishuka, Ombati alininong'oneza, "Mwalimu, hata wako wa kumzaa unamwangusha mtihani?"

Siku mbili Kerubo aliniandalia chakula, akala peke yake jikoni. Siku ya tatu aliniambia mimi baba yake, "Tata, ungenyamaza tu. Sikukuomba useme uongo."

Nilichosema kilikuwa kweli na ningekisema tena, lakini aliyekilipia si mimi. Wewe ungenigombeza kwanza, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Ombati, kisha ungeketi na mtoto jikoni na kupata la kumwambia. Mimi niliketi barazani nikisikiliza vyombo vikioshwa.

Asubuhi ya leo aliniletea karatasi. Ilikuwa barua ya kuondoa ombi lake, kabla maafisa hawajaliondoa wenyewe. "Nisahihishie, Tata," alisema, akakaa kitako kando yangu, mahali ambapo hakuwa amekaa tangu siku ile.

Nilichukua kalamu nyekundu. Niliisoma barua mara tatu, nikitafuta kosa ili nichelewe kuirudisha. Halikuwapo.

Pumzika, Mama Kerubo. Mimi na mtoto tuko hapa, upande wa Chini.

Mume wako,
Baba Kerubo