Stempu Zisizo na Bei

Jumamosi, 7 Februari 1998
Dawa ya macho ya Mama saa moja asubuhi. Uji. Kumkanda miguu. Kazini nimechelewa tena, na leo ndiyo kwanza wiki ya kazi inaanza.

Nikitafuta kadi yake ya hospitali nimekuta stempu za Marekani. Kumi na moja. Nilizinunua mwaka tisini na sita kwa jirani Mmarekani aliyekuwa akihama hapa kwetu Azaiba, Maskati. Hazina bei, zina bendera na herufi G tu. Tatu nyingine nilizibandika kwenye bahasha za majibu nikampelekea mdogo wangu Salim huko huko Marekani. Haikurudi hata moja. Nimechoka na mtu huyu.

Jumapili, 8 Februari
Bwana Harub wa masjala anakusanya stempu. Nimemwambia achukue hizi. Kwanza anataka kujua ile herufi ilikuwa badala ya senti ngapi. Ana kitabu chake nyumbani, atatazama.

Mama kauliza tena kama kuna barua. Baba alipokufa Salim hakuja kuzika. Mama akaapa hatompa radhi mpaka aiombe kwa maandishi. Simu hataki kuisikia. "Sauti huenda na upepo. Nnataka mkono wake." Bahasha za majibu lilikuwa wazo langu, kumnyima kisingizio. Anwani yetu niliandika mimi, stempu nikabandika mimi. Yeye atie karatasi tu. Hata hilo limemshinda.

Jumatatu, 9 Februari
Daktari kasema moyo umechoka. Hakusema umebakiwa na muda gani, nami sikuuliza. Njiani kurudi foleni ya magari pale Wattaya haiendi, Mama kaegemeza kichwa kwenye kioo. Nimemlaani Salim kimoyomoyo mpaka Qurum.

Jumanne, 10 Februari
Bwana Harub kaja na kitabu. Herufi G ni senti thelathini na mbili. Bei ya barua inayozunguka ndani ya Marekani. Nikamuuliza, na ya kuja Maskati? Senti sitini, mwaka ule na hata sasa. Yaani mbili zingetosha na kuzidi kidogo. Mimi nilibandika moja moja.

Akacheka. "Bi Zuwena, hii hata Kanada haifiki."

Sikucheka. Nilidhani kisichoandikwa bei hufika popote.

Jumatano, 11 Februari
Nimechukua kioo cha Mama cha kukuza maandishi, anachosomea msahafu. Chini ya bendera kuna maandishi madogo kama chawa. Yanasema kwa Kiingereza: kwa anwani za Marekani tu. Na mimi cheti changu cha Kiingereza nimekitundika ukumbini.

Nikatafuta nakala ya barua niliyomwandikia. Huweka nakala za barua zangu zote, ndiyo tabia yangu. Ipo. "Usiongeze hata stempu moja. Tumeshakulipia, kama kawaida yako." Mwandiko wangu mzuri.

Alhamisi, 12 Februari
Mapumziko ya wiki, leo na kesho. Nimekaa jikoni, sikupika.

Nimekumbuka kile kijikaratasi kwenye sanduku letu la posta. Mwaka ule ule. Kuna barua kutoka nje, stempu zimepungua, njoo ulipe kilichobaki. Nilifika kaunta na hasira za jua na za kukosa pa kuegesha gari. Hata kuiona sikuomba. Nikasema nani huyo asiye na adabu anayetuma barua tumlipie sisi? Mrudishieni mwenyewe! Karani akagonga muhuri. Zilikuwa baisa chache za kununulia soda.

Baadaye Salim akapiga simu. Akasema, "Nimeandika, dada. Mara tatu." Nikamwita muongo, nikakata. Hakupiga tena. Wanasema hasira hasara, lakini hasara hii nimemtia mwingine.

Jumamosi, 14 Februari
Posta, kabla ya kazi. Karani kanieleza: barua iliyokataliwa hurudishwa kwa aliyeituma. Isiyo na jina la mtumaji huwekwa kwa muda, kisha huchanwa. Bahasha zangu zilikuwa na anwani moja tu, ya kwetu.

Nimepiga namba ya zamani ya Salim. Imekatwa. Kilichobaki ni anwani yake.

Naogopa kumwambia Mama. Nina miaka arobaini na nne na namwogopa. Nikinyamaza naye akafa, nitakuwa nimezika radhi ya mtu.

Jumapili, 15 Februari
Sikumwambia. Mwoga.

Jumatatu, 16 Februari
Nimemwambia. Stempu, maneno niliyomwandikia, kaunta, simu. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

"Kaandika?"

Nikasema kaandika.

"Kwa mkono wake?"

Kwa mkono wake. Mara tatu.

Akalia. Sijamwona akilia tangu Baba alipokufa. Kisha akataka kalamu. Maneno niliandika mimi, kwamba Salim ana radhi yake, ya dunia na akhera. Jina lake la chini ya barua hakukubali nimwandikie. Kaliandika mwenyewe, herufi moja moja. Limechukua nusu ukurasa.

Jumanne, 17 Februari
Barua imekwenda. Stempu za hapa, zenye tarakimu. Nimemwomba karani aipime mara mbili. Jina letu nimeliandika nyuma ya bahasha.

Bwana Harub hakuzipata zile kumi na moja. Nimezitia ndani. Nimemwandikia Salim aulize kwanza posta ya huko, zikikubaliwa abandike mbili mbili. Zinatosha barua tano, moja inabaki. Kama bado anakaa pale. Kama bado anataka.

Mama alikuwa macho niliporudi. Aliuliza kitu kimoja tu, kama safari hii stempu zimetosha. Nikasema zimetosha. Akageukia ukutani.

Nimemkanda miguu kama kila siku. Radhi yangu hakuitaja. Nami sikuiomba.