Kifua cha Mdogo Wangu

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limetulia. Msalimie baba, umwambie suruali yake iko tayari, na kiuno nimekiongeza bila kumtangaza kwa mtu.

Mimi nipo, napumua. Ngazi za dukani nazipanda kwa vituo, na bosi ameniwekea stuli pale zinapopinda. Daktari anasema moyo huu niliozaliwa nao ukiwa na tundu, wakautia kiraka nikiwa mdogo, sasa umechoka na hauna pa kushonewa tena. Nasubiri kupandikizwa mwingine. Simu siizimi, hata chooni naingia nayo.

Mdogo wangu Kiroboto anaendelea vizuri. Mguu una plasta, mbavu zinaunga, mdomo haukuumia hata kidogo. Ila kilichonifanya niandike ni shangazi. Amenipigia kunisifu, akasema umeuambia ukoo mzima kwamba, pamoja na ugonjwa wangu huu, sikubanduka kando ya mdogo wangu tangu alipoanguka na pikipiki mpaka alipofumbua macho. Mama, nakuomba usiseme tena.

Daktari aliwahi kunieleza kwamba moyo wa kupandikiza hutoka kwa mtu ambaye ubongo wake umeshakufa, mashine tu ndiyo inayomshikilia, na lazima damu zipatane na miili ikaribiane kwa ukubwa. Tangu hapo, mteja akisimama mbele yangu nikamzungushia futi kifuani, nampima shati na moyo pia. Nimewapima hivyo watu wanaonichekea na kuniulizia hali. Najisuta, kesho narudia.

Na Kiroboto unamjua, kabati langu ndilo lake. Nikimkatia shati simpimi yeye, najipima mwenyewe, kifua ni kilekile, mabega ni yaleyale. Damu pia, tulipimwa pamoja.

Siku ile daktari wa Kiroboto alipotoka akaniambia kichwa kimeumia vibaya na huenda asiamke, sikulia, mama. Jambo la kwanza kunijia lilikuwa kwamba moyo wake utanienea. Sikulitafuta, lilikuja lenyewe, lakini sikulifukuza. Nilikaa pale nikitazama kifua chake kikipanda na kushuka, wewe kwenye simu ukiniambia nijikaze, ukinishukuru. Na kuna wakati, Mungu anisamehe, niliogopa ataamka. Huyo ndiye ndugu unayemsifia kwa watu.

Akaamka. Akaniona, akaniuliza kwa sauti ya kukwaruza kama nimekuja kudai shati langu lililochanika au nilikuwa nauvizia moyo wake. Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitoka nje nikatapika.

Nimeona haya kukuandikia, lakini ni mtoto wako niliyemtamania kifo, na sikuona wa kumwambia kabla yako. Yeye sijamwambia. Wamemruhusu, tunaishi wote chumbani kwangu. Anarukaruka na magongo yake kunichemshia chai, na kitanda amekataa katakata, analala chini na plasta yake. Nikisinzia mchana, huja taratibu akaniwekea kiganja kifuani kusikiliza kama moyo bado unapiga. Anadhani sijui. Mimi nafumba macho, mama, kwa sababu siwezi kumtazama.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Wakikuuliza habari za wanao wanaopendana, waambie unaye mmoja.

Ni mimi mwanao mkubwa,
Fundi