Aliyeumwa ni Farasi

Kambi Namba Mbili,
Shamba la Mkonge,
Mikese, Morogoro.
14 Agosti 1997

Mpendwa dada yangu Kristina,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa kaka yako Stephano. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Miguu ya mama imekuwaje? Bado inavimba asubuhi? Mwambie asishike maji ya baridi kabla jua halijapanda. Shikamoo yangu umfikishie kwanza, kabla hujamsomea lolote. Mimi ni mzima. Hilo nimeliandika wazi kwa makusudi, na sababu yake utaiona.

Barua yako niliipata Jumatatu wiki iliyopita. Nimeisoma mara tatu, na kila mara nikifika katikati nakunja karatasi.

Umeniandikia kwamba siku ya kuanua matanga ya baba, watu walikaa na nywele zao tangu alfajiri mpaka jioni wakinisubiri, kwa kuwa katika ukoo wetu hanyolewi mtu kabla ya mtoto wa kwanza. Pombe ikachacha kupita kiasi, wageni wa Igunga wakaanza kunung'unika, na baba mdogo Agustino akasimama akauliza, "Huyu Stephano yuko wapi?" Nawe ukajibu mbele ya watu wote kwamba nimelazwa hospitali Morogoro, malaria imenipanda kichwani. Basi baba mdogo akamkalisha mdogo wetu Benedikto kwenye kigoda, akamnyoa wa kwanza mahali pangu. Sasa unasema mama hapati usingizi kwa ajili yangu, na baba mdogo ameapa kwamba mwisho wa mwezi atapanda treni aje kunitazama.

Dada, najua ulisema vile kwa kunipenda. Uliona macho ya watu, ukanifunika kama mtu anavyomfunika mwenzake aliyelala uchi. Lakini sikulazwa. Sikuwa na malaria wala kikohozi. Aliyeumwa alikuwa farasi.

Usiitupe barua. Soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Shamba letu limesimama tangu Februari. Serikali imeliuza, na tajiri mpya hajafika. Korona, ile mashine ya kusaga mkonge, imenyamaza, nasi wakataji tumekaa kambini tukilima mchicha. Wengi wamekwenda Turiani kutafuta vibarua vya miwa. Mimi nilibaki kwa kuwa tuliambiwa tajiri akija ataita majina, na asiyekuwepo siku hiyo jina lake limepotea.

Bwana meneja wa zamani alikuwa na farasi. Alikuwa akimpanda kuzunguka mashamba asubuhi, na sisi tukimwona tunainua vichwa, basi. Alipoondoka aliondoka na vitanda na jokofu, farasi akamwacha bandani. Kila mtu alidhani mwenzake anamlisha. Mlinzi alidhani karani, karani alidhani mlinzi, mwisho wote wawili wakaacha kazi.

Mimi sikwenda kumwokoa. Nikwambie kweli, nilikwenda kung'oa mbao za lile banda nipate kuni. Ilikuwa mwanzo wa Mei. Nikavuta ubao mmoja, nikasikia kitu kinapumua. Alikuwa amesimama pembeni, mbavu unaweza kuzihesabu ukiwa mbali, kwato zimekua hadi zimejipinda juu. Alikuwa amekula mlango. Nakwambia, ule mlango wa mninga ulikuwa na meno yake kuanzia chini hadi kifuani. Maji aliyapata kwa kuwa paa linavuja, na mvua za masika zilikuwa hazijaisha. Kichwani alifungwa kamba ya mkonge, ya shamba hili hili, labda hata mimi ndiye niliyeukata mkonge wake. Kamba ile ilikuwa imezama ndani ya nyama nyuma ya masikio, ngozi imeota juu yake, na funza wanatoka.

Nilitaka kuondoka. Nilirudisha ubao mahali pake kabisa. Halafu nikautoa tena.

Nilimwita Salehe. Huyu ni Mluguru wa huku mlimani, umri wake kama wa baba mdogo, anauza ndizi na maboga barabarani, na mkewe Asia ndiye anayetupikia uji kambini. Unajua Waluguru ni watani wetu Wanyamwezi, basi mtu huyu hakosi neno. Alipofika akasimama nje, hakuvuka kizingiti.

"Babu zako walibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani," akasema, "na wewe leo unataka kubeba farasi?"

"Ingia ushike kichwa, mtani."

"Mimi? Akiniuma, nani atawachekesha kwenye misiba yenu?"

"Mmejificha mlimani mpaka mkaogopa hata ng'ombe."

Hapo akaingia, kwa hasira. Akakishika kichwa kwa mikono miwili amefumba macho, anasoma dua, nami nikaikata kamba kwa kisu changu cha mkonge na kuitoa kidogo kidogo. Farasi hakuuma wala kurusha teke. Alitetemeka tu, kama mtoto anayenyolewa kwa wembe butu. Salehe alipofumbua macho akaona jeraha, hakutania tena siku ile.

Nilimtibu kama nilivyokumbuka tulivyowatibu punda kwa baba. Kidonda nilikiosha kwa maji ya chumvi, nikatia ugoro ili funza watoke. Asia akachemsha majani ya mwarobaini kila jioni. Mbung'o wa huku ni wakali, basi niliwasha moshi wa mavi makavu mlangoni. Kwato nilizikata kwa msumeno wa karakana, kidogo kila wiki. Majani nilikata bondeni, mizigo miwili asubuhi na miwili jioni. Jina lake sikulijua, namwita tu "Wewe". Mwezi wa Juni akaanza kunisikia nikija, anapiga mguu chini. Dada, ni miaka kumi na moja niko huku, na hakuna kiumbe kilichofurahi namna hiyo kwa kusikia miguu yangu.

Simu ya maandishi ya kifo cha baba ilinifikia baada ya siku tisa, baba ameshazikwa. Nilikwenda bandani nikalia huko, kwa sababu kambini ukuta ni mmoja na kila mtu anasikia. Mliponiandikia kwamba matanga yataanuliwa Jumamosi ya tarehe 19 Julai, nilijiandaa. Tiketi ya treni ya Jumanne nilikuwa nayo mfukoni. Lori la mkaa lilikuwa linipitie saa tisa mchana kunipeleka stesheni ya Morogoro Mjini.

Sasa sikiliza kosa langu. Unakumbuka baba akitaka kusafiri alivyokuwa akiwashibisha punda, anawapa pumba hadi wanaziacha wenyewe, ili jirani asisumbuke? Alikuwa akisema ni aibu kumwachia mtu mnyama mwenye njaa. Mimi nikafanya hivyo hivyo. Asubuhi ile nilimpa farasi debe zima la pumba za mahindi, kavu. Alikula zote, maana aliyewahi kula mlango haachi kitu. Kisha akanywa maji ndoo mbili. Niliona nimefanya vema. Nikaoga, nikavaa shati jeupe.

Saa sita Asia alikuja mbio. Farasi alikuwa chini, tumbo limejaa kama ngoma, anajitazama ubavuni na kulia puani. Pumba zilikuwa zimevimba ndani. Nilichomoa kisu. Ng'ombe akijaa hivyo kwetu tunamtoboa ubavuni, upepo unatoka, anasimama. Nilikuwa nimeshaweka ncha ya kisu kwenye ngozi, ndipo bwana mifugo wa Mikese, ambaye Salehe alikuwa amemfuata barabarani, akaitupa baiskeli yake na kunishika mkono.

"Huyu si ng'ombe! Ukitoboa umemuua. Mnyweshe mafuta, msimamishe, mtembeze. Asilale. Akijiviringisha, utumbo unajisokota na hapo hakuna dawa."

"Nimtembeze mpaka lini?"

"Mpaka anye, au mpaka afe."

Akapanda baiskeli yake akaenda. Tulimnywesha mafuta ya kupikia kwa chupa ya soda, tukamwinua watu wanne, nikaanza kumzungusha uwanja wa korona. Kila alipotaka kupiga magoti nilimvuta. Saa tisa lori likaja. Dereva akapiga honi. Salehe akaniambia nimpe kamba. Lakini alikuwa amesimama hatua tatu mbali, mkono ameunyoosha. Angemwachia farasi mara ya kwanza akipiga magoti.

Dereva akasema, "Wewe Mnyamwezi, unasafiri au unacheza gwaride?"

Nilimwambia aende.

Hakuna aliyenizuia, dada. Usiseme mbele ya watu kwamba nilizuiwa. Niliwaza hivi: baba ameshazikwa, lolote nitakalofanya hatanisikia, na huyu nimemvimbisha mimi kwa mkono wangu. Labda niliwaza pia kwamba sikuwa tayari kuingia ua ule na kukuta kigoda cha baba kitupu. Sijui lipi lilitangulia. Nimejiuliza sana, na sitaki kukuandikia jibu zuri la uongo.

Jua lilipokuwa linagusa milima ya Uluguru, farasi alisimama ghafla, akanya. Asia alipiga vigelegele. Salehe akayatazama mavi yale, akasema, "Nimehudhuria harusi nyingi, sijaona watu wakishangilia hivi."

Treni nyingine yenye nafasi ilikuwa ya Jumapili. Matanga Jumamosi. Basi.

Jumamosi ile asubuhi Salehe alikuja kwangu na wembe na bakuli la maji. Hakusema habari za farasi. Akasema, "Kaa chini. Kwenu leo wananyoana. Mtani akiwa mbali na wafu wake, anayemnyoa ni mtani wake." Akaninyoa kichwa chote, taratibu, huku akimtukana marehemu baba kwamba alikuwa mchoyo na miguu mibaya, kama mtani anavyopaswa, na mimi nikicheka na machozi yananitoka. Alipomaliza akachukua kofia yangu mpya akaivaa. Akasema ndiyo ada yake. Anaivaa mpaka leo. Kwa hiyo nilinyolewa, Kristina, siku moja na ninyi, ingawa nilikuwa mbali na kigoda cha baba na aliyeninyoa si wa damu yetu. Kama jambo hilo linakubalika au halikubaliki, baba mdogo ndiye atakayesema.

Farasi amepona. Mbavu zinafichika, na kovu nyuma ya masikio limeanza kuota nywele nyeupe. Wiki jana msimamizi wa tajiri mpya alifika, anaitwa Oscar, kijana wa Dar. Alimtazama mnyama akanitazama mimi, akasema kazi ya farasi ni yangu, ila majina yataitwa Jumatatu tarehe mosi Septemba na niwepo nijibu mwenyewe. Nilimshukuru. Sikumwambia kwamba siku hiyo nitakuwa nyumbani Nzega.

Ndiyo, ninakuja. Napanda treni ya Jumanne tarehe 26, ili nifike kabla baba mdogo hajaanza safari ya kumtafuta mgonjwa asiyekuwepo. Ningeweza kungoja hadi majina yaitwe, lakini siwezi kumwacha mzee wa miaka sabini alale kwenye behewa la daraja la tatu akiniombea. Farasi nimemfundisha Asia kumlisha, majani tu, pumba konzi mbili zilizoloweshwa. Yeye hamwogopi. Nikirudi nikute jina langu halipo, nitafuata wenzangu kwenye miwa.

Ninachokuomba ni kimoja, nacho ni kigumu. Kabla sijafika, waambie kweli. Anza na mama, peke yake, jioni akiwa ameketi. Kisha baba mdogo. Wasomee barua hii yote, pamoja na debe la pumba na lori lililopiga honi. Sitaki nipokewe kwa kuku wa mtu aliyeinuka kitandani. Kama kuna watakaocheka, wacheke. Kama baba mdogo atanitoza mbuzi, nitamtafuta. Na wewe usilaumiwe. Waambie ulisema uongo kwa sababu sikuja, basi kosa lake nilibebe mimi, nina mabega ya manamba wa mkonge.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Msalimie baba mdogo Agustino kwa heshima, na majirani waliochimba kaburi wakati mimi sikuwepo. Mungu aliyempumzisha baba ampe mama usingizi, na ua wetu usikose moto jikoni.

Benedikto sitaki mumwondoe pale mlipomweka. Yeye alikuwepo. Amenyolewa wa kwanza mbele ya ukoo, na nyumba moja haiwezi kuwa na wazaliwa wa kwanza wawili. Mwandae tu asije akacheka au kukimbia kwa aibu, maana nikifika mlangoni nitavua kofia ya kuazima, nitainama, na nitamwamkia shikamoo.

Kaka yako akupendaye sana,
Stephano