Namba ya Penseli

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zenye heshima zikufikie wewe na shemeji. Natumaini magoti yake yametulia, nawe umeamka salama. Mimi mwili haujambo, ila moyo unanienda mbio tangu jana. Uniwie radhi nikikatiza kukujulia hali, kinyume na tulivyofundishwa na wamisionari: tafadhali, usimeze kidonge cha pili hapo kesho. Kiweke mezani, keti, usome.

Asubuhi hii muuguzi wa maabara yetu alirudi kutoka kwako amenywea. Alisema alikuandikia kwenye karatasi, kwa kuwa masikio yako yamegoma, kwamba jaribio la dawa limesimamishwa. Ulimkaribisha vizuri, kisha ukamwambia kwamba hesabu za dawa hiyo alizipiga kaka yako, kwamba kaka hajakosea hesabu tangu akivaa kaptura, na kwamba hutaacha kumeza mpaka uuone mwandiko wake. Ukaongeza kuwa muuguzi mwenyewe ni mtoto bado, aanze kwanza kufunga vifungo vya koti sawasawa. Wenzangu walicheka. Mimi nilitoka nje, nikatafuta karatasi na kalamu.

Basi mwandiko ndio huu. Uniruhusu nikueleze kosa, maana hujawahi kukubali jambo bila sababu.

Dawa ikiingia katika seli za ini, kila chembe yake hutangatanga mpaka igongane na kimeng'enya kinachoivunja. Vikikutana, kuvunjwa ni papo hapo. Kinachochukua muda ni kutafutana. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza kielelezo katika kompyuta, chembe zikitembea hatua kwa hatua, ili tujue dawa itakwisha lini na kidonge kingine kimezwe lini. Ilihitajika namba moja: kasi ya kutangatanga. Nilianza na kasi ya chembe ndani ya maji matupu, kwa muda tu, huku nikisubiri vipimo vya seli yenyewe. Ndani ya seli hakuna nafasi. Kumesongamana kama mlangoni ibada inapokwisha, na kila mmoja humzuia mwenzake.

Unakumbuka desturi yangu: namba isiyo na hakika naiandika kwa penseli, iliyohakikiwa kwa wino. Kwa miaka arobaini ya ualimu haikuniangusha. Lakini kwenye kompyuta hakuna penseli. Namba ya maji ilikaa mle imenyooka kama nyingine zote, nami kila nilipoipitia niliiona kama wino. Kielelezo kikasema dawa huisha kwa siku saba. Kwa namba iliyo sahihi, ni siku ishirini na sita. Kidonge chako cha kesho kingekikuta cha kwanza sehemu yake kubwa bado imo mwilini, na ini haliwezi kustahimili viwili.

Ningekuja mwenyewe kwa miguu, lakini watu wanne wamekwisha kumeza cha pili. Wamelazwa, na daktari anangoja namba zangu ili ajue hatari yao itadumu siku ngapi. Nimeomba kijana mmoja wa maabara ahakiki kila mstari, naye amekubali bila kunidharau.

Liko moja zaidi, na ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Kosa nililigundua Jumatatu. Nilimwambia mkuu wa maabara jana, Jumatano, alasiri. Siku mbili nilizunguka na kosa hilo mfukoni, nikijiambia nahakiki. Sikuwa nahakiki. Tangu mke wangu aliponitoka, hapa ndipo mahali pekee ninapoitwa Mwalimu na watu wakasimama, nami niliogopa waache kusimama. Kati ya wale wanne, wawili walimeza nikiwa nimenyamaza. Mmoja ni mwanamke wa umri wako. Leo amegeuka manjano machoni.

Wewe ulijiandikisha kwa sababu yangu. Nilikuhakikishia mimi, mezani kwako, nikinywa chai yako.

Anayekuletea barua hii ni binti yangu. Tafadhali mkabidhi kidonge mkononi. Nimemwagiza asikae wala asinywe chochote mpaka akipokee. Ikiwa umekwisha kukimeza kabla ya siku yake, kwa haraka zako ninazozijua, usinijibu na usinisamehe: vaa viatu, mfuate hospitali sasa hivi.

Nisalimie shemeji kwa unyenyekevu. Nakuombea ini lako, nikiwa nimepiga magoti.

Ni mimi, kaka yako, niliyekosea.