Nilimtabiria Shabani Kushindwa

Mama,

Salamu zako nakuletea makaburini kila Ijumaa nikipata nafasi, kwa hiyo hapa sitakuzungusha. Nimefanya jambo la aibu. Nimemwambia Shabani atashindwa.

Nimemwambia kwa mdomo huu huu, mchana kweupe, uani pamejaa watu. Na unajua ulivyotulea. Maneno huumba, ulisema, mtu asitamke asilotaka limfike. Mteja akilalamika kwamba mvua itatuharibia biashara ulimtolea macho mpaka akasema astaghfirullah, hata akiwa Mkristo. Basi mimi, mwanao wa kwanza, niliyekaripiwa hivyo tangu Tanga, ndiye niliyefungua kinywa nikamtamkia mdogo wangu mabaya.

Ngoja nianze mwanzo, usije ukadhani nimechanganyikiwa.

Kesho jioni, kwa saa za hapa, Shabani anacheza mechi yake ya mwisho ya chuo huko Marekani. Ni mechi ya bakuli. Mwaka jana alipokuambia wamealikwa kwenye mechi ya bakuli uliuliza bakuli la nini, la wali au la mchuzi, naye akacheka mpaka akapaliwa. Akakueleza kwamba mwisho wa mwaka timu za vyuo zilizofanya vizuri hualikwa kucheza mechi moja kubwa, mbali na kwao, na watu hujaa kama wameitwa bure. Ukasema basi hiyo ni harusi, nenda ukale ushibe. Halafu ukamtabiria ushindi, kama kawaida yako.

Utabiri wako, Mama, hakuna mtangazaji angeuthubutu. Hukujua hata mchezo wenyewe unahesabiwaje. Kabla ya kila mechi Shabani alipiga simu, nawe ukafuta unga mkono mmoja, ukaishika simu kwa vidole viwili, ukauliza yale yako: wapinzani wanavaa rangi gani, upepo unatoka wapi, na je, umekula? Wakiwa wa njano ulisema hiyo ni rangi ya kuungia mchuzi, haimshindi mtu. Wakiwa wekundu ulisema wana hasira, na mwenye hasira hukosea. Mwisho ulisema, "Mtashinda, inshallah. Nenda kacheze." Wakishindwa ulidai mtoto hakukuambia ukweli kuhusu upepo. Nami nilikuwa pembeni nageuza chapati na kucheka, sikujua kwamba kazi hiyo ingekuja kuniangukia mimi.

Na mchezo wenyewe, huo mpira wa Kimarekani, tuliushangaa sote. Wenzake ni mapande ya watu, wamevaa kofia ngumu na mabega ya kubandika, wanagongana mpaka unawahurumia mama zao. Shabani anakaa pembeni na jezi safi. Wenzake wakikwama mbele ndipo anapoitwa, anapiga mpira upite katikati ya milingoti miwili mirefu, kisha anarudi kukaa. Ulipouona mara ya kwanza kwenye runinga ya Bwana Niyonzima, Mrundi wako wa gereji, uliuliza kama ni kweli wanamsomesha bure kwa ajili ya teke. Teke lenyewe alilipata hapa hapa Jeppe, Joburg, kwa raga ya shuleni na kwa kupiga mpira juu ya magari mabovu ya gereji mpaka Bwana Niyonzima akatoka na spana mkononi. Leo Bwana Niyonzima anawaambia watu yeye ndiye aliyemfundisha.

Biashara yako ipo. Mezani pako nimeweka kitambaa kipya cha plastiki, kile cha maua kilipasuka. Maandazi watu wa hosteli ya wafanyakazi bado wanayaita magwinya, na mimi nimeacha kubishana nao kama ulivyoacha wewe. Ila sasa ni Desemba, unajua Joburg ya Desemba. Viwanda vimefungwa, wenyeji wamepanda mabasi kwenda makwao, mtaa mzima umebaki sisi ambao kwetu ni mbali mno. Nakaanga kidogo, na jioni narudi chumbani na bado yanabaki. Kitanda chako sijakiondoa. Nakipita kwa ubavu kila siku kama ulivyokuwa ukinikataza, na goti langu lina alama.

Kuna siku sijakusimulia, siku uliyoondoka. Ilikuwa Jumamosi ya mechi. Kifua kilikusumbua usiku kucha, alfajiri kikatulia, nikashukuru, kumbe ndiyo ulikuwa unakwenda. Wanawake wakaja tukakuosha, maji nilimimina mimi. Baada ya adhuhuri wanaume wakakubeba. Hawajafika hata kwenye roboti, zile taa za magari pale kona, simu yako ikalia. Shabani. Anataka utabiri.

Uliniusia mtoto asishtuliwe kabla ya mechi. Nikaishika simu na mikono inanuka kafuri, nikamwambia umelala. Nikamuuliza rangi. Nikamuuliza upepo. Nikamuuliza kama amekula. Nikamwambia, "Mama kasema mtashinda." Nyuma yangu wanawake wakaacha kulia, wakanitazama.

Wakashinda kweli. Habari nilimpa kesho yake, na yeye alilia mpaka nikaogopa. Hakunilaumu hata kwa neno moja, Mama. Mimi ndiye niliyemlaumu. Nilimlaumu moyoni kwamba siku uliyozikwa yeye alikuwa anapiga mpira na watu wanamshangilia, na aliyemficha ni mimi mwenyewe. Hata ningemwambia palepale asingewahi maziko. Hayo nayajua vizuri, na hayakunisaidia kitu. Wiki ya pili akapiga tena, sauti imepwaya, akasema, "Dada, wamevaa kijani." Basi nikawa mtabiri wa nyumba. Nikamtabiria ushindi mechi zote, nikiiga maneno yako, na mara nyingine nilikuwa nikifurahi kabisa.

Mpaka aliponieleza habari ya mechi ya kesho. Chuo anakimaliza. Kuna timu ya wachezaji wa kulipwa inatuma mtu wa kumtazama kesho, yeye na mguu wake. Akipiga vizuri watamchukua, atabaki huko. Akiharibu, masomo yamekwisha na karatasi za kukaa zinakwisha nayo, atarudi. Aliniambia haya kwa furaha, anaongea haraka haraka kama alivyo, na mimi nikawa nasema ehe, ehe. Nikakata simu nikaenda kufua lile blanketi lake la buluu. Nilishaanza kupanga atalala upande gani. Nilishamwona ananibebea mtungi wa gesi ngazini, anakaa kwenye kitanda chako, ananiudhi kwa maredio yake. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, Mama, namfulia blanketi mtu niliyekuwa namwombea akose.

Jana Bwana Niyonzima akakusanya watu uani kwake. Gereji imefungwa, hana kazi, akasema lazima kila mtu atoe utabiri wake kabla ya mechi. Mama Furaha, yule Mkongo msusi wa chumba cha chini, akasema Shabani atawanyoosha. Bwana Niyonzima akatoa hotuba ndefu nusu Kifaransa, akasema ushindi ni wetu ila kwa shida. Hata kijana mmoja wa hosteli aliyekuja kununua maandazi akaulizwa kwa Kizulu, akainua kidole gumba, akasema, "Sharp." Shabani akapiga. Wakaniambia niweke spika, wote wasikie.

Hakusubiri nimuulize. "Dada, watavaa meupe. Upepo wanasema utatoka kushoto, si mkali sana. Nimekula. Haya, nipe utabiri."

Nikasema, "Mtafungwa. Na mpira wako utapita pembeni."

Watu wakacheka, wakidhani naanza utani na kuna neno la pili linakuja. Neno la pili halikuja. Nilimsikia Shabani huko aliko, anasubiri. Halafu akasema, "Sawa, dada," akakata.

Yule kijana wa hosteli akamuuliza Mama Furaha nimesema nini. Hakuna aliyemtafsiria. Bwana Niyonzima akaanza kukusanya viti, akafika kwangu akainama, akaniambia taratibu, "Mwanaidi, nami nina ndugu mbali. Nakuelewa. Lakini lile halisemwi." Nikaondoka na beseni langu la maandazi, nimefunika uso kwa mtandio kama mwizi.

Tangu jana nimeona haya kula. Nimeona haya kuswali, maana nitaomba nini? Na kinachonichoma zaidi ni maneno yako ya mwaka ule wa fujo, wageni tulipofukuzwa mitaani, tulipokimbilia uani kwa polisi na mabegi. Shabani alikuwa amelala juu ya begi la nguo, miguu imetoka nje ya blanketi, wewe umekaa wima hukulala hata kidogo. Ukaniambia, "Mmoja wetu atapata mahali ambapo hakuna wa kumfukuza." Hukumtaja. Nilimtazama yeye nawe ulimtazama yeye, na mimi sikuona wivu, wallahi, siku ile sikuona. Kapata mahali penyewe, yuko karibu kupashika kwa mkono, nami namvuta mguu arudi hapa, aje kunibebea mtungi wa gesi.

Sasa nisikilize nikupe utabiri wa kweli, wenye sababu, usiwe kama wa kwako wa rangi za mchuzi.

Hao wenye jezi nyeupe ni wazito. Mechi zao Bwana Niyonzima kazirudia kwenye runinga mpaka tumewajua. Hawana haraka. Wanakusukuma hatua moja, hatua moja, kama mtu anayesukuma gari bovu, na mwisho wake unachoka wewe. Timu ya Shabani ni wepesi, wanategemea mbio, na mkimbiaji wao mkubwa goti limefungwa bandeji tangu mechi iliyopita. Bwana Niyonzima analia na goti hilo. Mimi naona hivi: weupe watawasukuma lakini hawatafika mwisho kirahisi, maana vijana wetu nyuma ni wabishi. Na sisi tukienda mbele tutakwama vilevile. Itakuwa mechi ya kukwama, huku na huku, pointi chache. Na mechi ya kukwama ni mechi ya Shabani. Kila wakikwama watamwita.

Halafu kuna upepo. Shabani anapiga kwa mguu wa kulia, na mpira wake siku zote hukata kidogo kwenda kushoto. Tumeuona tangu hapa gerejini, ulikuwa unaangukia daima kwenye lile gari la upande ule. Upepo ukitoka kushoto unausukuma urudi katikati. Upepo wa kesho umeletwa kwa ajili yake. Na mimi jana nilipomwambia utapita pembeni, hilo nilikuwa nalijua.

Hapo ndipo ninapokosa pa kuweka uso wangu. Ningekuwa nimekosea kwa ujinga ungenicheka tu. Lakini nilijua atashinda, ndiyo maana nilisema atashindwa.

Sijui kama atapiga tena. Mimi katika nafasi yake nisingepiga. Kwa hiyo nitampigia mimi, kesho, kabla hajatoka kwenda kiwanjani. Nakuahidi. Vocha nimeshanunua. Nitamwambia dada yake alisema uongo jana, na nitamweleza habari ya upepo kama nilivyokueleza wewe, ili ajue utabiri huu una sababu. Kwa nini nilisema uongo sitamwambia. Ataibeba sababu hiyo kiwanjani na mguu utakuwa mzito. Akiuliza nitasema nilikuwa na njaa. Tena sitaweka spika.

Nikuahidi na lingine. Tutatazama kwa Bwana Niyonzima, akinipokea, na atakapoitwa Shabani kupiga sitatoka nje kujidai nakwenda kuangalia jiko. Nitatazama mpira mpaka utue. Sikufichi, Mama, hata sasa ninapoandika kuna kipande cha moyo wangu kinachotaka upepo ugeuke. Kipo. Nimekisemesha, nimekikaripia kwa sauti yako, hakitoki. Nitakwenda nacho hivyo hivyo, nikae nacho kwenye kiti, na mdomo wangu utasema kinachotakiwa kusemwa.

Mungu akupe nuru na nafasi huko uliko, akusamehe, na mimi anisamehe baada yako. Ijumaa nitakuja kukusalimu, na matokeo utakuwa umeyapata kabla yangu.

Utabiri wangu ni huu: mechi itafika mwisho wamekaribiana, ataitwa Shabani, mpira utapita katikati. Watashinda. Na hatarudi Jeppe.

Mwanao,
Mwanaidi